Barua Tatu za Siri

Wanjugu Gichuru alikuwa na umri wa miaka thelathini na saba, na kwa miaka sita alikuwa akilipwa mshahara ili anyamaze. Alikuwa mshauri nasaha katika hospitali moja ya binafsi kule Upper Hill, ndani ya chumba kilichokuwa zamani stoo ya vyuma vya kutundikia dripu. Vyuma vinne vilibaki kwenye kona kwa sababu hakuna aliyejua ni idara gani iliyokuwa na mamlaka ya kuviondoa. Watu waliingia, wakavitazama vile vyuma, wakaketi, wakalia. Wengi wao walikuwa wajane. Wanjugu aliyajua mambo ya wajane kama wengine wanavyoyajua mambo ya kandanda: nani kafukuzwa shambani na mashemeji, nani bado anapika sufuria ya watu wawili, nani ana furaha na anaogopa isionekane.

Oktoba 2006 aliamua kuomba nafasi ya kusomea udaktari wa falsafa katika saikolojia ya tiba. Hapa nchini hakupata chuo kilichomfikisha huko alikotaka. Alikipata Kanada, kwenye mtandao. Kilichukua mwanafunzi mmoja wa kigeni kila mwaka na kumlipia kila kitu, kwa sharti kwamba shahada yake ya mwisho isiwe na zaidi ya miaka mitano. Shahada yake ya uzamili ilikuwa ya mwaka 2001, mwezi wa Desemba. Dirisha la maombi lilifungwa Desemba kumi na tano.

"Mwaka ujao nitakuwa nimeharibika," alimwambia Sista Kavata, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, aliyezoea kula naye chakula cha mchana.

"Kama maziwa."

"Kama maziwa."

Kavata alitafuna kidogo. "Basi omba sasa. Usiniletee hapa mambo ya kugandisha mtindi."

Fomu yenyewe haikuwa ngumu. Ugumu ulikuwa kwenye ukurasa wa nne: barua tatu za siri kutoka kwa watu watatu wanaomjua mwombaji, kila moja ndani ya bahasha iliyofungwa, sahihi ikipita juu ya gundi. Mwombaji, fomu ilisema, hatakiwi kuona kilichoandikwa.

Yeyote aliyewahi kutafuta kazi, viza au shule katika mji huu anajua barua ya siri inavyoandikwa. Unaenda kwa mkubwa. Mkubwa anafurahi kukuona na anakuambia uiandike. Unaiandika, anaitia sahihi, na siri inabaki kati yako na wewe.

Wa kwanza alikuwa Profesa Sifuna, aliyemsimamia tasnifu yake. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya nane, katikati ya jiji. Alikuwa na simu mbili za mkononi, moja ya mezani, na kazi tatu za kushauri mashirika. Alikuwa mtu mwema, ila wema wake ulikuwa na foleni.

"Wanjugu, Wanjugu," alisema, akimtazama kama mtu anayetafuta kikombe chake kati ya vikombe vya ofisi. "Wewe ulifanya ile ya..."

"Wajane, Prof."

"Wajane! Kazi safi. Sasa sikiliza, andika kitu kizuri uniletee nitie sahihi. Na usione haya. Hawa watu wa nje wanataka sifa. Sisi tunawaandikia kana kwamba tunaomba radhi."

Wa pili alikuwa Dkt. Mbugua, daktari wa akili na mkubwa wake hospitalini. Yeye alisema, "Niletee rasimu. Si wewe ndiwe unayejijua?" Kwa mtu wa taaluma yake, hilo lilikuwa swali la ujasiri.

Wa tatu alikuwa Sista Kavata. Fomu iliruhusu mtu mmoja asiye msomi.

"Nikuandikie rasimu?" Wanjugu alimuuliza.

"Ya nini? Wamesema siri. Nitaandika mwenyewe na hutaiona." Akaiandika siku hiyo hiyo kwa mkono, akaifunga, na kwa kuwa gundi ya bahasha haikumridhisha, akaizungushia plasta ya vidonda.

Zikabaki mbili. Wanjugu alijifungia chumbani kwake Kangemi wikendi mbili mfululizo, na akagundua jambo ambalo lingemkera hata mteja wake: hakuwa na la kusema. Alikulia Dagoretti, katika nyumba ambayo mama yake, akipongezwa hata kwa viazi kuiva, alijibu kwamba ni Mungu. Rasimu ya kwanza, ile ya Prof, ilisema kuwa Wanjugu anajaribu. Rasimu ya pili ilitaja kasoro zake saba, na ya saba ilikuwa na vipengele.

Alizipeleka kwa Munir. Munir alikuwa na duka la kupiga chapa na mtandao juu ya ngazi, nyuma ya Tom Mboya Street. Alikuwa mtu wa Lamu, mtoto wa karani aliyewaandikia watu maombi yao nje ya mahakama kwa miaka thelathini. Yeye mwenyewe alikuwa amewaandikia watu barua za viza, za talaka, na za kumkumbusha mheshimiwa ahadi zake. Alizisoma zile rasimu hadi mwisho, akavua miwani.

"Dada, huyu mtu amekukosea nini?"

"Ni mimi mwenyewe."

"Naona. Lakini hii ni barua ya kumfukuza mtu kazi."

"Ndio ukweli, Munir."

"Ukweli wauweka kwenye kiapo. Barua ya sifa ina adabu zake. Hebu nambie, hao wajane huja mara ya pili?"

"Wanakuja."

"Mara ya tatu?"

"Kuna mmoja amekuja miaka minne."

"Basi," Munir alisema, na akaanza kupiga chapa.

Barua zilizotoka zilikuwa nzuri. Wanjugu aliisoma ile ya Prof mara tatu. Ndani yake kulikuwa na mwalimu aliyemwona akibaki darasani baada ya wenzake kutoka, aliyeujua mwandiko wake, aliyengoja kwa hamu kusikia atafika wapi. Aliona aibu kwa namna alivyompenda mwalimu huyo.

Kitu kimoja hakukiona, kwa sababu hakuna anayekitafuta kwenye kazi ya fundi. Munir alikuwa na sentensi yake, aliyoirithi kwa babake: kwamba mtajwa amethibitisha kwa mwenendo wake kuwa ni mkono unaofaa kukabidhiwa taa. Aliitia kwenye kila barua ya sifa, bure, karibu na mwisho. Seremala huchonga jina lake chini ya kiti. Munir hakuona tofauti.

Prof alitia sahihi akiwa anaongea na Kisumu kwa simu. Dkt. Mbugua alisoma neno kwa neno, akafuta "sana" mahali pawili, akatia sahihi. Bahasha tatu zikaondoka tarehe saba Desemba, moja ikiwa na plasta.

Januari ikaja barua pepe. Ilikuwa ya adabu mno, na kwa hiyo ya kutisha. Kamati ya uteuzi ilikuwa imevutiwa na maombi yake. Kamati pia ilikuwa imegundua kwamba profesa mmoja na daktari mmoja, kila mmoja kwenye ofisi yake, walikuwa wameuona mkono mmoja na kuukabidhi taa moja. Hawakuwa wakimshuku yeyote. Wangependa tu kumpigia Profesa Sifuna simu, Jumanne, saa kumi na moja jioni kwa saa za Nairobi.

Alimwonyesha Munir. Munir aliisoma mara mbili.

"Sentensi ya babangu imefika Kanada," alisema. Kisha akaona uso wake. "Pole, dada."

Jumanne saa kumi na nusu Wanjugu alikuwa ghorofa ya nane, na karatasi moja aliyoiandaa: tarehe, alama, kichwa cha tasnifu, idadi ya wajane. Prof aliipokea kwa shukrani, akaweka kikombe juu yake.

"Wewe kaa hapo. Nikikwama utanisaidia. Hii simu ina spika."

Simu ililia kwa wakati. Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, asiye na haraka. Aliuliza amemjua mwombaji kwa muda gani. Prof alijibu vizuri. Aliuliza kuhusu masomo yake. Prof alijibu vizuri, kwa jumla jumla. Hakuuliza juu ya taa. Badala yake alisema, "Profesa, achana na barua. Nieleze tukio moja unalolikumbuka wewe mwenyewe."

Prof akafumba macho. Sauti yake ilipotoka, ilikuwa imeshuka. Alisimulia juu ya kituo kimoja cha watoto karibu na Dagoretti Corner, alikowapeleka wanafunzi wake kwa mafunzo. Kulikuwa na mtoto wa miaka saba ambaye hakuwa ametamka neno tangu babake auawe mbele yake. Madaktari walikuwa wamepita, wachungaji walikuwa wamepita. Mwanafunzi wake huyu aliketi naye mchangani kila Alhamisi, majuma sita, akichora nyumba kwa kijiti bila kusema lolote. Nyumba zisizo na mlango. Juma la saba yule mtoto akamnyang'anya kijiti, akachora mlango, akasema, "Wataingilia wapi?"

"Mama," Prof alisema, "nimefundisha miaka ishirini na sita. Siku hiyo nilirudi kwenye gari langu nikalia kama mtoto."

Upande wa pili wa simu ilisikika kalamu ikiandika haraka.

Kilikuwa kisa kizuri, na kilikuwa cha kweli. Kilimtokea Ciru Njuguna, aliyesoma darasa moja na Wanjugu, na ambaye sasa aliuza bima katika jengo lililotazamana na hospitali.

Wanjugu alianza kutikisa kichwa tangu pale kwenye mchanga. Akapunga mkono. Prof akainua kiganja kumtuliza. Wanjugu akachukua kalamu akaandika kwa herufi kubwa HUYO NI CIRU, akamsukumia. Prof aliitazama karatasi bila miwani, akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa chai.

"Na udhaifu wake ni upi?" mwanamke aliuliza.

"Nipe sekunde moja, mama." Prof alibonyeza kitufe cha kuzima sauti, akainama juu ya meza. "Udhaifu wako ni nini?"

"Prof, yule mtoto si wangu. Yule alikuwa wa Ciru."

"Udhaifu, udhaifu. Watu wanangoja kwa laini."

"Prof, tafadhali..."

"Kitu kimoja tu!"

"Sijui kujisifu," Wanjugu alisema, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na mdomo.

Prof akabonyeza tena. "Udhaifu wake," alisema kwa uzito, "ni kwamba hakubali sifa. Umwambie amefanya jambo jema, atakuapia ni mtu mwingine."

Simu ilipokatika Prof aliegemea kiti, ameridhika. "Umeona? Imeenda vizuri."

"Prof, aliyekaa na yule mtoto ni Ciru Njuguna. Alikuwa anaketi dirishani."

"Wewe hukuwa unaketi dirishani?"

"Nilikuwa nyuma."

Prof alimtazama, safari hii kweli, kwa mara ya kwanza pengine tangu 2001. Alionekana kutafuta kitu huko nyuma ya darasa. Hakukipata, na hilo lilimsikitisha kwa dhati.

"Na wewe ulifanya nini?"

"Wajane, Prof."

"Wajane," alisema kwa upole. "Sasa nifanye nini? Nikiwapigia tena niseme nimekosea mtu, watauliza na ile barua niliiandikia nani. Nitakuwa nimedanganya kwa kalamu na kwa mdomo. Wewe ndiye utakayeumia. Wacha iende, msichana wangu. Wakikuhoji, waeleze mwenyewe."

Ushauri ulikuwa wa busara. Wakati wa kungoja mahojiano, Wanjugu alimtafuta Ciru, wakakutana saa ya chakula kwenye kibanda cha mayai na chapati chini ya lile jengo la bima. Ciru alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kula.

"Prof alilia kwa gari? Hakuwahi kuniambia."

"Ciru, nitawaambia ni wewe."

"Usinitaje. Unajua yule mtoto baada ya kuongea aliendelea kuongea? Alisema yote, yote aliyoona, na mimi ndiye nilikuwa nimekaa hapo. Miezi mitatu sikulala. Ndiyo maana niliacha hiyo maneno." Alifuta vidole. "Chukua tu."

"Siwezi kuchukua."

"Basi mimi siitaki. Uko na bima ya maisha?"

Mahojiano yalifanyika Februari, kwa simu, ndani ya chumba cha vyuma. Walikuwa watatu, na yule mwanamke ndiye aliyeongoza. Hakupoteza muda. Alisema kamati nzima ilikuwa imeguswa na kisa cha mtoto wa Dagoretti, je, angependa kukieleza kwa maneno yake?

"Yule hakuwa mimi," Wanjugu alisema. Alikuwa ameifanyia mazoezi sentensi hiyo. "Alikuwa mwanafunzi mwenzangu. Profesa alichanganya."

Kisha kikaja kicheko kidogo, chenye joto, cha watu wazuri.

"Profesa wako alituonya," mwanamke alisema.

"Hapana, naomba mnielewe. Mimi sikuwahi kwenda kituo kile zaidi ya mara mbili. Siku za Alhamisi nilikuwa na wajane kanisani."

"Kwa hiyo hata siku unaikumbuka," alisema mwingine, mwanamume.

Wanjugu alieleza tena. Kila alipokana, alisikia kalamu. Mmoja wao, akidhani simu haimchukui, alimwambia mwenzake kwamba hajapata kukutana na mfano safi kiasi hiki. Wanjugu alijua anachokiona. Alikuwa amewafanyia hivyo watu wengine: mama mmoja aliwahi kumwambia miezi miwili kwamba hana hasira na marehemu, na Wanjugu, kwa subira ya kitaalamu, alingoja akome kusema hivyo. Sasa ilimpitia akilini kwamba labda yule mama hakuwa na hasira.

Walimwuliza pia juu ya utafiti anaoutaka. Akaongea juu ya wajane kwa dakika mbili. Walimwacha amalize, wakamshukuru.

Machi akapata nafasi. Miaka mitano, ada, makazi, koti la baridi. Katika aya ya tatu, barua ilimtangazia kwa furaha kuwa amepangwa chini ya profesa anayetafiti watoto wasiosema, aliyemwomba yeye kwa jina. Mama yake kule Dagoretti alisimama kanisani kutoa ushuhuda kabla Wanjugu hajamaliza kuisoma. Wakaimba. Mchungaji akasema Mungu hamwandiki mtu nusu.

Alipanda ngazi za Munir na kukaa mbele ya kompyuta saa nzima. Mara hii hakuomba msaada. Aliandika kwamba kisa si chake, kwamba watoto wasiosema hajui lolote juu yao, kwamba barua mbili kati ya tatu aliziandika yeye na fundi mmoja, na kwamba alichokijua ni wajane, na alikijua vizuri. Munir alisoma kutoka nyuma ya kiti.

"Hii umeandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ndiyo bora ya zote," Munir alisema, na hakugusa hata nukta.

Jibu lilirudi baada ya siku mbili. Yule mwanamke alimshukuru kwa kufungua moyo. Alisema kuwa wanafunzi wengi hodari, hasa wanawake, hasa wanaotoka mbali, huhisi kwamba nafasi wamemwibia mtu mwingine. Kuhusu barua, kamati ilikuwa imekwishaamua kutozitilia maanani, isipokuwa ile ya muuguzi, iliyosema tu kwamba Wanjugu hufika kazini mapema na hajawahi kumwambia mtu maneno ya mtu mwingine. Mwishoni alimwambatishia saa za mshauri nasaha wa chuo, ambaye angempokea wakati wowote, bure.

Mwisho wa kukubali ulikuwa Aprili kumi na tano. Angeweza kukataa. Kila asubuhi alikataa, akiwa anapiga mswaki, kwa maneno yaliyopangika. Kisha alikwenda kazini, akaviona vile vyuma vinne, akasikiliza. Kama angekataa, hapangekuwa na mwaka mwingine, na wajane wasingepata chochote kwa sababu yake. Kama angekubali, wajane vilevile wasingepata chochote, lakini angalau yeye angekuwa Kanada akijua hivyo. Tarehe kumi na tatu alitia sahihi ya kukubali. Hapakuwa na nafasi ya maelezo, palikuwa na kisanduku tu.

Mwezi Mei alianza kuhangaika. Safari ilikuwa Agosti. Siku moja baada ya chakula hakurudi chumbani kwake, alimfuata Kavata hadi wodi ya watoto.

"Sista, una mtoto yeyote haongei?"

Kavata aligeuka akaitazama wodi. Vitanda kumi na vinne. Mmoja alikuwa akiimba, wawili wakigombania kijiko, mwingine akimwita mama yake aliyekuwa amesimama pale pale.

"Wanaongea wote. Shida yangu ni kuwanyamazisha." Kisha akamwangalia vizuri. "Unamtaka wa nini?"

"Nataka tu kukaa naye kidogo. Kabla sijaenda."

Kavata hakumwuliza zaidi. Aliipitisha kalamu kwenye orodha yake ya vitanda, polepole, akaishusha karibu na mwisho.

"Kitanda cha kumi na mbili. Ametolewa mafindofindo jana. Daktari amesema asiongee hadi Alhamisi."

Alikuwa msichana wa miaka sita hivi, shuka imefika kidevuni, anatazama dari kwa hasira ya mtu aliyekatazwa. Wanjugu alivuta kigoda kifupi cha wodini, akaketi kando yake, magoti yakimfika kifuani. Hakusema kitu. Msichana aligeuza macho, akamkagua kutoka viatu hadi nywele, akarudi kwenye dari. Ilikuwa Jumanne.